Kima na Kurumbiza: Wiki ya Kusikiliza Sauti Nairobi

Jumapili

Tulipoikata Tsavo jua lilikuwa limeanza kulegea. Abiria wenzangu walisogea madirishani kutafuta ndovu, na mimi nikasogea, ila moyoni nilikuwa na ndovu mmoja tu. Aliitwa Mlaika, yatima aliyelelewa Tsavo. Zizi lake la usiku lilikuwa kama kilomita 3 kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na jua likishatua alikuwa akitoa ngurumo ambayo si ya ndovu hata kidogo. Ilikuwa ngurumo ya lori. Watafiti waliirekodi, wakaipima na kuilinganisha na sauti za malori yenyewe, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba ndovu naye ana uwezo wa kujifunza sauti isiyo yake.

Uwezo huo ni adimu kuliko tunavyodhani. Binadamu anao, ndiyo maana mtoto wa Likoni huzungumza Kimvita na mtoto wa Beijing Kichina. Ndege waimbaji wanao, na kasuku. Popo, pomboo, nyangumi na sili wanao. Lakini kima, tumbili na nyani, hawa wenye vidole kama vyetu na nyuso zinazosomeka, hawana, au wanao kwa kiasi kidogo mno. Jambo hili nalifundisha darasani kila mwaka, na kila mwaka linanisumbua upya. Vipi aliye karibu nasi kwa damu awe mbali nasi kwa sauti, na ndege, ambaye ukoo wetu na wake uliachana zamani sana, awe ndiye anayejifunza kama mtoto mchanga?

Basi likizo hii ya Aprili nimekuja kwa dada yangu Ngara, wiki moja. Asubuhi nitamsikiliza kima na kurumbiza, ndege mdogo mwimbaji. Jioni nitakuwa na mpwa wangu Rehema, miezi 20, ambaye dada anasema ameanza kusema.

Jumatatu

City Park ni mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Dada alinionya nisibebe chochote cha kula mkononi, nami nikamtii.

Wanairobi wengi humwita kila mnyama wa namna hii nyani au tumbili, lakini hawa wa City Park ni kima, na tofauti ni kubwa. Tumbili ana uso mweusi ulioviringwa na manyoya meupe, na hupenda mahali penye uwazi. Kima ni wa msitu. Ana koo jeupe pe, kama aliyejifunga kitambaa cha melimeli shingoni, mikono myeusi, na mgongo wa rangi ya majivu yenye wekundu wa kutu. Wazungu wamempa jina la Kanali Sykes, Mwingereza. Mimi naona jina la kima linamtosha.

Nilikaa kwenye benchi karibu saa mbili nzima. Kundi la kima kwa kawaida huwa na dume mmoja mzima na majike wengi pamoja na watoto wao. Mabinti hubaki katika kundi la mama zao maisha yote. Vijana wa kiume ndio huondoka. Kwa hiyo ukiona majike wawili wazee wakichambuana manyoya, kuna uwezekano mkubwa ni mtu na dadake, au mtu na mwanawe. Jike mmoja aliketi hatua tatu kutoka nilipo, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Mashavu yake yalikuwa yamevimba. Kima ana vifuko ndani ya mashavu, hujaza chakula haraka kisha akaenda kukitafuna mahali penye amani. Huyu alikuwa akisukuma shavu kwa nyuma ya kiganja, taratibu, punje inatoka, anaitafuna, anasukuma tena. Mtoto alinyoosha kidole akamgusa mamake mdomoni. Mama akamwacha.

Hapo nikasikia sauti ndogo, mtetemo mwembamba kama wa mdudu, trrr, trrr. Ni sauti ya majike na wadogo wanapokaribiana. Waliizungumza saa nzima na wapita njia hawakuisikia, kwa sababu wapita njia walikuwa wanarusha njugu.

Hili la njugu lilinikera sana. Mtoto mmoja wa shule alinyang'anywa ndizi na dume, akaanguka, akalia, na watu wazima wakapiga picha. Kima akishazoea mkono wa mtu, mkono usiokuwa na kitu humkasirisha. Mama anayeuza karanga langoni aliniambia hata yeye hapendi kuona watoto wakilishia mkononi. "Lakini nikiacha kuuza, mwanangu, mwenzangu atauza."

Saa nne hivi mbwa koko alitokea kichakani. Sikumwona mimi kwanza. Aliyemwona ni dume, na akatoa sauti niliyokuwa nimeisoma miaka mingi bila kuisikia kwa masikio yangu: piau! Sauti moja nzito, inayopasuka mwanzoni na kushuka mwishoni. Akanyamaza. Piau! Majike walishika watoto na kupanda. Mbwa aliangalia juu, akaenda zake. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka nilipoangalia kama simu imerekodi. Ilikuwa imerekodi.

Jumanne

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya Ngara imejaa maji, sikutoka.

Nimesikiliza ile piau mara zisizohesabika. Rehema alikuja kukaa pajani, akataka simu. Nilipoicheza alikunja uso, akatega sikio. Usiku, dada alipokwisha kuzima taa, tulimsikia kitandani akijisemea peke yake: dadaga, babu, dadaga, mmma, babu. Hakuna aliyemsemesha. Dada akanong'ona, "Anafanya hivi kila usiku, kaka. Kama anayehesabu alichookota mchana."

Jumatano

Leo kabla ya adhana ya alfajiri niliamka mwenyewe. Muadhini alipomaliza, kilipita kimya kifupi, kisha akapokea mwingine kutoka kwenye bogonvilia ya jirani. Filimbi tatu nne zilizonyooka, zikarudiwa, zikarudiwa kwa nguvu zaidi. Kurumbiza. Nimesafiri kilomita karibu mia tano kumtafuta na amekuwa akiimba nyuma ya tangi la maji.

Kila Jumatano asubuhi watazamaji wa ndege hukusanyika Makumbusho ya Taifa, kisha huenda pamoja mahali panapochaguliwa siku hiyo. Chama kilichozaa desturi hii, cha historia ya asili cha Afrika Mashariki, kilianzishwa mwaka 1909. Sisi leo tulikwenda Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa 1907, ng'ambo ya pili ya bonde kutoka Makumbusho. Nilipewa darubini ya kuazima na bibi mmoja aliyenisogeza kwa bega mpaka nikakaa sawasawa. "Usitazame juu," akasema. "Kurumbiza ni wa chini, kwenye majani makavu. Wimbo wake ndio mkubwa."

Na kweli. Ni ndege wa gramu 30 hivi. Dume la kima lina uzito wa zaidi ya kurumbiza mia mbili. Kifua cha rangi ya chungwa lililoiva, kichwa cheusi, na juu ya jicho mstari mweupe uliopigwa kama kwa rula. Nairobi wako wa aina mbili wanaofanana kama mapacha, na bibi alinifundisha kuwatenganisha kwa mkia. Pembeni mkia una rangi ya chungwa kwa wote wawili, lakini manyoya ya katikati kwa mmoja ni meusi na kwa mwingine ni kahawia ya mzeituni. Yule wa kahawia huimba wawili wawili, dume na jike, mmoja akiongoza na mwenzake akiingiza sauti nyembamba katikati, kiasi kwamba usipowaona utaapa ni ndege mmoja. Huyu wa mkia mweusi ndiye aliyenishika moyo, kwa sababu ni mwigaji.

Alituimbia juu ya gogo, mita sita kutoka tulipo. Kwa darubini niliona koo likitikisika na mdomo ukifunguka kidogo tu. Ndipo ilipo ajabu yake: sauti haitoki kooni. Sisi na kima tuna koromeo, juu ya bomba la pumzi. Ndege ana kiungo kingine kabisa, sirinksi, chini kifuani pale bomba linapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Kila tawi lina mitambo yake, hivyo ndege mwimbaji anaweza kutoa sauti mbili tofauti kwa wakati mmoja, moja kushoto, moja kulia. Hata kiungo hicho hakimtoshi bila sikio. Kinda huanza kwa kusikiliza wakubwa, kisha hujaribu kimyakimya, sauti zisizo na umbo, zinazopanda na kuporomoka, majuma kwa majuma mpaka wimbo unapokaa. Ndege mwimbaji akipoteza kusikia kabla ya kufika hapo, wimbo haukai.

Nilipofika nyumbani nilimweleza dada habari ya makinda. Akanyamaza, akaangalia mlango wa chumba cha Rehema.

Alhamisi

Karura. Nimeingia kwa lango la Limuru Road saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado umelala kwenye Mto Gitathuru.

Siwezi kutembea Karura bila kumkumbuka Profesa Wangari Maathai. Msitu huu ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, ni zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeanza kugawiwa wajenzi. Tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake walikuja hapa kupanda miti, wakashambuliwa, akapasuliwa kichwa. Leo asubuhi wasichana wawili walinipita wakikimbia, wakicheka, bila mlinzi. Mahali walipopita palikuwa pawe na ukuta wa mtu.

Nilikuwa na muongozaji, mzee mtulivu aliyeuzoea msitu huu miaka mingi. Nilipotoa simu nicheze wimbo wa kurumbiza ili ajitokeze, aliufunika mkono wangu kwa mkono wake.

"Usifanye hivyo, mwalimu. Akisikia wimbo wake atadhani ameingiliwa nyumbani. Ataacha watoto aje apigane na simu."

Niliirudisha mfukoni. Nilikuwa na haya, na alikuwa na haki.

Tukaenda hadi karibu na maporomoko. Juu kabisa kwenye mti, kekeo wa kifua chekundu alikuwa akiita zile sauti zake tatu zinazoshuka, fii-fii-fiu, fii-fii-fiu, bila kuchoka. Kila mkulima wa bara anamjua. Akianza yeye, watu husema mvua imefika. Mzee akasimama. Akanionyesha sikio lake, kisha kichaka kilichokuwa mbele yetu, kimo cha goti. Fii-fii-fiu. Nikadhani kekeo ameshuka. Mzee akatikisa kichwa, na kutoka kwenye kichaka kile akaruka kurumbiza wa mkia mweusi, akatua njiani, akaimba mwito wa kekeo mzima mzima, kisha akaunganisha na filimbi zake mwenyewe.

Nataka msomaji alione jambo hili kama nilivyoliona pale njiani, maana sidhani nitapata tena picha iliyo wazi kama ile. Kekeo huyu hajengi kiota. Jike lake hutaga yai kwenye viota vya ndege wengine, na kurumbiza ndio anaowategemea zaidi. Kifaranga cha kekeo kikianguliwa huyasukuma nje mayai ya wenyeji kwa mgongo, kikabaki peke yake. Kurumbiza humlea. Anamlisha, na siku zote za utoto wake sauti ya karibu anayoisikia ni ya kurumbiza. Na akishakua, akapanda mti wake wa kwanza, haimbi hata neno moja la walezi wake. Huimba fii-fii-fiu, kama baba ambaye hakuwahi kumwona. Mwito ule alizaliwa nao. Na kurumbiza, aliyempoteza mwanawe kwa kekeo, ndiye anayeuchukua mwito wa kekeo na kuufanya pambo la wimbo wake.

Kima yuko upande wa kekeo katika hili. Mtoto wa kima akizaliwa sauti zake zimo ndani mwake tayari, mtetemo, mlio wa hofu, na akiwa dume, hiyo piau ya utu uzima. Ndivyo nilivyokuwa nafundisha, na nilikuwa nafundisha kwa kumhurumia kidogo, kana kwamba amenyimwa.

Saa tatu kasorobo huruma hiyo iliniondoka. Tulikuwa chini ya mtini ambamo kundi la kima lilikuwa likila. Kivuli kilipita juu ya majani, kipana, bila sauti. Dume halikusema piau. Lilisema ka! ka! ka-ka! kavu, fupifupi, kama mtu anayegonga ubao, na mti mzima ukaporomoka kuelekea chini. Jumatatu walipanda, leo walishuka, ndani kabisa ya majani mazito. Mzee alinyoosha kidole, na penye uwazi wa matawi nikamwona anayeondoka: tai mkubwa wa msituni mwenye kishungi, mbawa za madoa, mwindaji wa kima.

Sauti mbili, maana mbili. Kule Budongo, Uganda, watafiti walitangaza mwaka 2008 kwamba dume la kima huita zaidi tai akiwa karibu na wenzake kundini, hata kama yeye mwenyewe yuko mbali na hatari. Dume lile la Karura lilikuwa kwenye tawi la pembeni kabisa. Majike na watoto ndio waliokuwa chini ya kivuli.

Kurumbiza hana neno la tai katika wimbo wake. Ana mlio wa hofu kama ndege wote, lakini wimbo wenyewe, pamoja na uzuri na maigizo yote, husema yale yale kila alfajiri: niko hapa, hapa ni kwangu, njoo.

Ijumaa

Baada ya swala ya Ijumaa nilikaa na daftari. Mtu mmoja amenitawala mawazo, Peter Marler, Mwingereza aliyezaliwa 1928 na kufariki 2014. Alisomea Marekani nyimbo za shomoro wa California na kuonyesha kwamba kinda aliyelelewa bila kusikia wakubwa huimba wimbo uliopinda, na kwamba shomoro wa mtaa mmoja wana lahaja isiyokuwa ya mtaa wa pili. Mtu huyo huyo alikwenda Uganda kuchunguza milio ya kima. Alikuwa na sikio kwa wote wawili. Na mwaka 1980 yeye na Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walichapisha kazi yao ya Amboseli juu ya tumbili: ukicheza rekodi ya mlio wa chui, tumbili hukimbilia mitini, mlio wa tai, hutazama juu au kuingia kichakani, mlio wa nyoka, husimama kwa miguu miwili na kukagua nyasi.

Lililonishika ni habari ya watoto wa tumbili. Mlio wanazaliwa nao, lakini matumizi yake hawazaliwi nayo kamili. Mtoto hupiga mlio wa tai kwa njiwa, kwa korongo, hata kwa jani linaloanguka. Wakubwa hutazama juu, wakaendelea na shughuli zao. Akipiga mlio kwa tai wa kweli, wakubwa nao hupiga. Hivyo polepole duara la neno linajibana mpaka linakaa kwa mwenyewe.

Kwa hiyo kurumbiza anajifunza namna ya kutoa sauti. Mtoto wa tumbili anajifunza sauti ni ya nani. Niliyaandika haya mezani, na Rehema chini ya meza alikuwa akivua viatu vyangu na kuviita kwa jina la babu yake.

Jumamosi

Leo narudi. Begi liko mlangoni, mvua imekatika.

Alfajiri dada alimleta Rehema dirishani kwa sababu alikuwa ameamka na hataki kulala tena. Muadhini alikwisha, kimya kikapita, na kurumbiza wa bogonvilia akaanza. Filimbi zake, kisha fii-fii-fiu ya kekeo, kisha filimbi. Rehema aligeuza kichwa, akatafuta. Alipomwona kwenye ukingo wa tangi, kifua cha chungwa, mkia unapanda na kushuka, alinyoosha kidole akasema kwa sauti nzito iliyoshuka mwishoni, vile vile ilivyo kwenye simu yangu:

"Piau!"

Dada akaniangalia. Mimi nilishindwa kusema kitu.

"Siye, mamangu," dada akamwambia. "Huyo ni ndege. Sema ndege."

Rehema alimtazama mamake mdomo, kwa makini, kisha akamtazama kurumbiza.

"Dege," akasema. Kurumbiza akaruka hadi kwenye waya. Kidole kikamfuata. "Dege."